Makosa Yana Mahali Pake



Ndugu wasomaji, kila mwenye kazi ya mikono ana siku yake ya kwanza. Seremala mchanga hupewa kipande cha mbao kisichofaa kitu ajaribie randa. Mshoni hupewa kitambaa chakavu apitishe cherehani. Mwana wa nahodha hushikishwa usukani bahari ikiwa shwari, na baba yake yuko kando. Kiharibikacho hutupwa, wala hapana mwenye kulia. Lakini tabibu, ambaye ubao wake ni mwili wa mja wa Mwenyezi Mungu, mkono wake wa kwanza utue juu ya nani?

Kwa miaka mingi jibu la swali hili limejulikana bila ya kutamkwa: mkono wa kwanza ulitua juu ya maskini. Mwenye uwezo huenda hospitali ya kulipia akachagua daktari aliyekwisha kuota mvi. Asiye na uwezo hulazwa katika wadi ya umma, na humo ndimo wanafunzi wajifunziamo. Sisemi haya kwa kuwalaumu walimu wa utabibu, kwani elimu ya tiba haikamiliki kwa vitabu, na lau wanafunzi wasingegusa wagonjwa hii leo, kesho tusingekuwa na madaktari. Nasema kwa ajili ya insafu. Ikiwa kuna njia ya kumfanya mwanafunzi amalize makosa yake ya mwanzo kabla hajamkaribia mama wa watu, basi njia hiyo ni haki ya mama huyo, na hasa akiwa fakiri.

Mimi nililetewa jambo hili kwa sura ya malalamiko. Mdogo wangu wa kiume amekaa Kisumu miaka mingi kwa shughuli zake za biashara, na binti yake anasomea udaktari huko huko, yuko mwaka wa tano. Nilipowatembelea mwaka jana, shemeji yangu alinitilia chai, akaketi, akasema: "Shekhe, sisi twajinyima ili mtoto asome, naye arudi jioni atwambie kuwa kutwa walikuwa wakimzalisha mtoto wa bandia. Huko ni kusoma au ni kucheza? Na hayo masanamu yenyewe, yafaa?"

Nikamwambia kwamba maswali ni mawili na yote ni mazuri, ila sina jibu la jambo nisiloliona. Binti akadakia: "Ami, nitakuombea ruhusa kwa mwalimu wetu, uje utazame mwenyewe." Ruhusa ikapatikana, kwa kuwa katika chumba kile hamna mgonjwa wa kuonewa haya.

Chumba chenyewe ni cha kawaida: kitanda, kabati la dawa, meza ya vifaa na saa kubwa ukutani. Kitandani alilala muuguzi mmoja wa makamo aliyekubali kuwa "mzazi". Juu ya nguo zake kamili alivaa suruali pana iliyoshonwa maalumu, ndani yake mkiwa na mtoto wa bandia na mfuko wa maji mekundu. Wanafunzi wanne wakaingia. Mwalimu akawaeleza kwa maneno machache hali ya mama huyo, kisha akarudi nyuma akanyamaza.

Yule muuguzi alijua kazi yake. Alilia kama wanavyolia wazazi, akamwita mamake, akauliza mara tatu kama mtoto ni mzima na hakuna aliyemjibu. Mtoto alipotoka, yale maji mekundu yakaanza kutiririka. Hapo nikaona vijana wenye akili, waliofaulu mitihani yote, wamebabaika. Mmoja alitafuta sindano katika droo isiyokuwa yake. Wawili walishughulika na jambo moja, na jambo la pili likabaki bila mtu. Hakuna aliyepaza sauti kuomba msaada. Saa ikaenda, maji yakajaa sakafuni.

Mwalimu alipowasimamisha, hakuwakemea. Aliwaketisha duara, na yule muuguzi miongoni mwao, akaanza kuuliza. Hakuuliza ni nani aliyekosa. Aliuliza: mliona nini? Mlidhani nini? Ni kitu gani kilichowazuia? Binti wa ndugu yangu akasema, "Niliona kwamba damu imezidi, lakini nilinyamaza kwa sababu kiongozi wetu hakusema kitu." Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Na siku ya kweli utamnyamazia nani?" Kisha yule muuguzi naye akatoa ushahidi wake: kwamba hofu yake kubwa ilikuwa ule ukimya, kuona watu wanakimbia na hakuna anayemwambia kitu.

Wakarudia. Safari hii kila mmoja alijua nafasi yake. Aliyeamrishwa dawa aliirudia amri kwa sauti, jina la dawa na kipimo chake, akaitoa, kisha akasema kuwa ameitoa. Mmoja alisimama kwenye kichwa cha mama akimweleza kila linalofanyika. Damu ya bandia ilisimama mapema.

Nilipotoka pale nilimwambia shemeji yangu kuwa hayo si mageni kwetu. Sisi tuliosoma vyuoni twayajua. Mtoto wa madrasa hamsomei maamuma siku ya kwanza. Humsomea mwalimu wake, aya kwa aya, na mwalimu humrudisha pale pale alipoteleza, harufi ikatoka mahali pake na madda yakapata urefu wake. Yale makosa hayamvunjii mtu sala, kwa kuwa yametokea chuoni wala hayakutokea mihrabuni. Tunaofundisha kuosha maiti hufundisha kwa mtu mzima wa afya aliyejilaza, ili siku ya msiba mkono usitetemeke na stara isivunjike. Mahujaji wetu huzunguka Kaaba ya mbao kwenye uwanja wa msikiti kabla ya kupanda ndege, wala hakuna anayesema kwamba wanacheza. Na ule mtindo wa kurudia amri kwa sauti ni kama tulivyosomeshwa: mwalimu hutamka, mwanafunzi hurudisha, na mwalimu huwa na yakini kwamba kilichosemwa ndicho kilichosikiwa.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikumwambia shemeji siku ile, na naliandika hapa kwa sababu nadhani lina manufaa kwa wasomaji.

Dada yetu, shangazi wa binti huyu, alifariki katika uzazi kabla binti hajazaliwa. Alifia hospitalini, hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto alizaliwa salama, kisha damu haikukoma. Mimi nilikuwa nje ya mlango pamoja na shemeji yetu wa kiume, na tulisikia vishindo vya watu wakienda na kurudi. Dawa ilikuwamo kabatini, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo aliitwa kwa kuchelewa. Kila mmoja alifanya alichodhani ni sawa, wala hawakufanya pamoja. Sikuwaona kuwa watu waovu hata siku moja. Niliwaona ni watu waliokutana na jambo lile kwa mara ya kwanza, na mara yao ya kwanza ikawa ni dada yetu.

Tumeridhia kadari ya Mola wetu. Ila kuridhia kadari si kuuridhia uzembe, na sote twalijua funzo la yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Swali lililobaki kwetu ni namna ya kumfunga huyo ngamia.

Na ukanda ule wa Ziwa unahitaji jibu kuliko sehemu nyingi. Kwa hesabu zilizotokana na sensa ya mwaka 2009, katika kila vizazi hai 100,000 walifariki akina mama 691 Siaya, 673 Migori, 597 Kisumu na 583 Homa Bay. Na tusidhani kuwa haya ni ya wenzetu wa bara, kwani hesabu hizo hizo ziliiweka Lamu yetu kwenye 676. Mwenye kutoka Lamu na mwenye kutoka Ghuba ya Muhuru wana kilio kimoja.

Huko huko Migori ndiko njia hii ya mazoezi ilikopimwa. Kati ya mwaka 2016 na 2018, vituo 20 vya afya, vya kaunti ya Migori na vya eneo la Busoga upande wa Uganda, vilishirikishwa katika utafiti uliohusu watoto wanaozaliwa kabla ya wakati au wakiwa wadogo mno. Vituo vyote viliimarishiwa kumbukumbu zao na kupewa orodha ya kuhakikisha hatua za uzazi salama. Nusu yake viliongezewa mambo mawili: mazoezi ya kuigiza ya pamoja, kwa mbinu iitwayo PRONTO iliyotangulia kutumiwa nchini Mexico, na vikao vya vituo kukutana ili kurekebishana. Suruali ile niliyoiona Kisumu ni ya mbinu hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Katika vituo visivyoongezewa, watoto 23.3 katika kila 100 walizaliwa wafu karibuni na kuzaliwa au walifariki ndani ya siku 28. Katika vituo vilivyoongezewa, walikuwa 15.3. Tofauti ya watoto wanane katika kila mia moja si jambo dogo kwa mwenye kujua uzito wa jeneza la mtoto mchanga.

Kwa uadilifu wa maneno, yafaa niseme kwamba mazoezi hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa yalikwenda pamoja na vile vikao. Na Watanzania wametufundisha jambo jingine la kutia akilini. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walifundishwa kwa siku moja namna ya kumpa pumzi mtoto asiyelia, kwa kutumia mtoto wa bandia. Walifaulu mbele ya sanamu, lakini kazini, mbele ya watoto wa kweli, mwenendo wao haukubadilika. Hospitali ikabadili mtindo: badala ya siku moja kubwa, zikawekwa dakika chache za mazoezi kila juma, pale pale wodini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila 1,000. Msomaji wa Kurani hahitaji kuelezwa siri ya jambo hili. Anayesoma juzuu kumi kwa siku moja kisha akafunga msahafu mwaka mzima, hifadhi humtoroka. Na anayesoma robo kila siku, hukaa nayo.

Kuhusu damu iliyomchukua dada yetu, mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wazazi zaidi ya 210,000. Chini ya mama huwekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, ili damu ipimwe isikadiriwe kwa jicho. Ikivuka kiwango, matibabu yote hutolewa kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo la pili lianze. Na wahudumu hufundishwa hayo kwa mazoezi ya kuigiza mahali pao pa kazi. Uvujaji mkubwa wa damu, upasuaji wa dharura na vifo vitokanavyo na damu, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Katika hospitali zilizoendelea na desturi yake, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu hawakutambuliwa kwa wakati. Nilipoisoma habari hiyo niliifunga karatasi, nikakaa kimya kwa muda.

Sasa nirudi kwenye swali la pili la shemeji: yafaa? Masanamu yaliyokatazwa ni ya kutukuzwa na kuabudiwa. Ama wanasesere, yajulikana kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa nao nyumbani mwa Mtume (s.a.w.), naye hakumkataza; na wanazuoni wengi walichukua humo ruhusa ya vinyago vya watoto, kwa kuwa vina mafunzo ndani yake. Ikiwa mchezo wa mtoto umepata ruhusa, basi kinachofundisha kuokoa roho kina haki zaidi ya kuipata. Na kwa upande wa stara, faida ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi wa kiume aliyekwisha kujifunza kwa sanamu hahitaji kumfunua mwanamke wa watu mara tano ili ajue jambo la mara moja. Mwenye wivu wa dini juu ya heshima ya mkewe, basi na aombe mazoezi haya yazidi.

Wala si jambo la leo. Nchini Ufaransa, katika karne ya 18, mkunga mmoja aitwaye Angélique du Coudray alishona kwa nguo kiuno cha mwanamke pamoja na mtoto, akapewa idhini na Mfalme Louis wa 15 kuzunguka vijijini kufundisha wakunga. Na kabla yake mno, mjini Baghdad mwaka 931, mtu mmoja alifariki kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote mpaka ajaribiwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit, na walioletwa mbele yake katika mji ule walizidi 860. Yanalingana hayo na mafunzo ya Mtume (s.a.w.), kwamba anayejitia utabibu hali hakujulikana kuwa na elimu yake, basi dhamana ya madhara ni juu yake. Waliotutangulia walimtaka tabibu athibitishe ujuzi wake kabla ya kukabidhiwa mgonjwa, na tusiwe sisi wa kutaka pungufu ya hapo.

Atauliza mtu: hospitali zetu hazina glavu za kutosha, na leo watuambia wanasesere? Swali ni la haki. Kuna masanamu ya bei kubwa yanayopumua na kupepesa macho kwa umeme, na si hayo ninayoyatetea. Suruali niliyoiona yaweza kushonwa na fundi wa mtaani. Maji mekundu ni rangi ya chakula. Kilicho ghali ni mwalimu mwenye subira na dakika chache za kila juma ambazo mkuu wa wodi hakubali zipokonywe. Pasipo hivyo, sanamu la mamilioni litakaa kabatini na kuota vumbi. Na pasipo dawa na damu, mazoezi nayo hayatoshi, kwani hakuna mafunzo yanayojaza kabati tupu.

Basi na sisi tusio matabibu tuna sehemu yetu. Mzazi ambaye mwanawe asomea udaktari, uuguzi au ukunga, asimdharau akisema leo aliigiza. Amuulize alikosea wapi na wenzake walimrekebisha vipi. Mtoto anayeweza kukitaja kosa chake mezani kwa mamake bila ya hofu, atakitaja wodini kabla hakijaua. Wenye kuhudhuria vikao vya kaunti waulize kama wauguzi wa hospitali yao hufanya mazoezi ya dharura, na mara ngapi kwa mwezi. Vijana wachangie damu. Na waume wasimcheleweshe mzazi nyumbani kwa kungojea shauri la jamaa, maana wenye ujuzi hawawezi kumfaa mama asiyefika kwao.

Shemeji yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na huyu wangu, sasa yuaweza kupaza sauti?" Nikamjibu kwamba kwa niliyoyaona mara ya pili, yuaweza. Akasema, "Alhamdulillahi, basi karo haikupotea."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu wote katika saa yao ngumu, wa Ziwani na wa Pwani, wa mitume wote na wa dini zote. Awape utulivu mikono ya wanaowahudumia, awajaze elimu na huruma. Amrehemu dada yetu pamoja na kila mama aliyefariki kwa uzazi, kwani tumefundishwa kuwa ana daraja ya shahidi, na awajaalie watoto waliowaacha kuwa ni sadaka inayoendelea kwao. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.